Mpiga Makasia na Mizani ya Haki

Hukumu si kazi ya wenye majoho peke yao. Kila aliyepewa amri juu ya mwenziwe ni kadhi wa siku moja, na siku hiyo ndiyo impayo jina.

Mwingereza Thomas Askwith alipiga makasia katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1932, na tena ya Berlin mwaka 1936. Baadaye akawa mtumishi wa serikali ya kikoloni hapa Kenya. Siku za Mau Mau akakabidhiwa kazi ya kuwarekebisha watu waliozuiliwa makambini bila ya kesi. Hakuwa mpigania uhuru, alimtumikia mkoloni. Lakini aliamini kuwa mtu hageuzwi kwa rungu. Mwaka 1957, katika makambi ya Mwea, wakati huo wilaya ya Embu, mahabusi wapya walikuwa wakipigwa ili watii. Askwith akapinga mbele ya wakubwa wake. Jawabu aliyopewa ni kuondolewa katika kazi ile.

Mwisho wake sisi wa Pwani twaujua. Tarehe 3 Machi 1959, huko Hola kando ya Mto Tana, mahabusi 11 walipigwa hadi kufa. Serikali ikatangaza kwanza kuwa wamekufa baada ya kunywa maji! Ilipita zaidi ya nusu karne. Ndipo mwaka 2013 Uingereza ilipokiri mateso ya zama zile na kukubali kuwalipa Wakenya 5,228.

Je, hayo yamepita? Agosti 2021, Kianjokoma, huko huko Embu, ndugu wawili walikamatwa usiku wakati wa amri ya kutotoka nje kwa ajili ya korona, na hawakurudi kwao wakiwa hai. Ilielezwa kuwa waliruka kutoka katika gari la polisi. Askari 6 walishtakiwa kwa mauaji, wakakana. Kuamua kesi hiyo ni kazi ya mahakama, wala si ya gazeti.

Ya kwetu ni kuuliza: katika kituo, kambi au gari la serikali, nani atasema "basi" kabla maji hayajamwagika? Askwith alisema, akaondolewa, na wale 11 wakafa. Basi kumsifu hakutoshi. Askari au ofisa asemaye kweli alindwe yeye na riziki yake, ama tutaendelea kuletewa hadithi za maji na za magari.