Mbwa Wangu Gangilonga na Hasira Iliyopotea Njia



Mwezi uliopita niliitwa katika ofisi ya serikali ya mtaa kujibu shauri ambalo sikuwahi kulitarajia maishani: jina la mbwa wangu. Mlalamikaji ni jirani yangu, mtumishi wa umma, mtu ninayemheshimu, ambaye tunaalikana harusini na kushirikiana misibani. Alidai kwamba mimi, Mnyakyusa wa Rungwe niliyeletwa Iringa na kazi ya ualimu, nimelidhalilisha jiwe la Wahehe kwa kumwita mbwa Gangilonga.

Jina hilo lilitangazika siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Tulipanga foleni kila mmoja na mbwa wake, na kijana wa mifugo akawa anaandika majina kwenye daftari. Walionitangulia walikuwa Simba watatu, Bobi wawili, Tomi, Jeki na Popi. Nilipotaja Gangilonga, kalamu ilisimama. "Dokta, umekosa jina?" akauliza. Mtu mmoja nyuma yangu akadakia kwa utani ule ambao kila Mtanzania anaujua: kwamba mbwa wa Iringa hana haja ya jina refu, kwa sababu hafiki uzeeni. Foleni nzima ikacheka. Jirani yangu naye alicheka. Alikasirika baadaye, tena kwa sababu ya jina, si kwa sababu ya utani.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu ya leo. Sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini si watu wasioweza kukasirika. Tunakasirika vizuri sana. Tatizo letu ni kwamba hasira yetu imepotea njia: inabisha hodi kwenye banda la mbwa, huku nyumba yenyewe ikiibiwa.

Tuanze na majina ya nchi yetu. Ukisimama ufukweni Matema, wilayani Kyela, ukatazama mashariki, utaiona safu ya milima inayoshuka hadi kwenye maji ya Ziwa Nyasa. Vitabu, ramani na vipeperushi vya utalii vinaiita Milima ya Livingstone. Wajerumani walipoweka kituo chao Tukuyu walikiita Neu-Langenburg, jina la kwao walilotuletea kama mzigo. Uwanda wa Kitulo nao uliitwa Elton, kwa heshima ya konsuli wa Kiingereza aliyepita huko mwaka 1877. Neu-Langenburg leo haimo kinywani mwa mtu yeyote, na Kitulo tangu mwaka 2005 ni jina la hifadhi ya taifa. Livingstone amebaki juu ya milima yetu. Sijasikia mtu aliyeitwa ofisini kuulizwa ni nani aliyempa mlima wa watu jina la mpita njia.

Kwa hiyo mgeni akiupa mlima jina lake, hiyo ni jiografia. Mwenyeji akimpa mbwa jina la jiwe, hilo ni kosa. Mantiki hii tumeitoa wapi?

Wapo watakaosema kwamba mlima ni mlima na mbwa ni mbwa. Ni kweli kwamba katika Kiswahili neno "mbwa" ni tusi, na kwamba kwa ndugu zetu Waislamu mnyama huyu ana hukumu zake za tohara, ambazo naziheshimu. Lakini hoja ya udhalili haisimami ukitazama daftari lile la chanjo. Simba ni mfalme wa mwituni na nembo ya klabu kubwa ya mpira. Mbona hakuna anayelalamika kuwa amedhalilishwa? Tomi na Jeki ni majina ya watu, waume wenye ubatizo na koo zao huko Uingereza. Mbona hatuoni haya kuyapigia mluzi? Jibu linauma. Hatumpi mbwa jina la kigeni kwa kumdharau mgeni. Tunampa kwa sababu tunaamini jina la kigeni linampandisha mbwa hadhi. Na jina letu tunaliona litashuka hadhi likiguswa na mbwa kwa sababu, ndani ya mioyo yetu, tulishaliweka pembezoni: la kuandikwa kwenye kibao cha kata, si la kutamkwa kwa furaha nyumbani.

Nina ushahidi. Niliwauliza wanafunzi wangu waliozaliwa na kukulia Iringa mjini maana ya Gangilonga. Wengi walinijibu kwamba ni kata. Hawakukosea, kata hiyo ipo. Lakini kabla ya kata lilikuwapo jiwe, na kabla ya kibao ilikuwapo lugha. Kwa Kihehe, Gangilonga ni jiwe linalonena. Wazee husimulia kwamba Mkwawa alikuwa akiketi pale kutafakari na kupokea habari za nyendo za maadui zake. Kijana anayepita chini ya jiwe hilo kila siku bila kujua kwamba jina lake ni sentensi kamili, huyo amenyang'anywa kitu, ingawa hana wa kumshitaki.

Hali ni hiyo hiyo kila upande. Iringa yenyewe ni matamshi ya wageni ya neno "lilinga", yaani ngome. Ruaha ni "luvaha", mto. Kule Mbeya, wenyeji wanasimulia kwamba jina la mkoa limetokana na neno la Kisafwa la chumvi, kumbukumbu ya siku ambazo watu walibadilishana mazao kwa chumvi. Ngome, mto, chumvi: hiyo ni historia ya ulinzi, ya kilimo na ya biashara, imefungwa katika maneno matatu ambayo hayakuhitaji maktaba.

Wanaodhani kwamba haya ni mambo ya kujifurahisha tu wamtafakari kipunji. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika misitu ya Mlima Rungwe walisikia kwa wawindaji habari za nyani mwenye haya aitwaye kipunji. Mwaka 2005 sayansi ilimtangaza duniani kama spishi mpya, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe: *Rungwecebus kipunji*. Mpya kwa nani? Wawindaji wa Rungwe walikuwa na jina lake kabla sayansi haijajua kwamba mnyama huyo yupo. Jina lilitangulia, na ndilo lililowaonyesha watafiti njia. Laiti wawindaji wale wangekuwa wameona haya kulitamka mbele ya wasomi, huenda tungeendelea kukata misitu ya Rungwe bila kujua tunamfukuza nani. Jina linapokufa, halifi peke yake. Linakwenda na ujuzi uliofungwa ndani yake.

Sasa nigeukie ule utani. Utani ni mila, na mila hiyo imetusaidia kuishi makabila mengi bila kuchinjana. Mngoni na Mhehe wakitaniana msibani, hapo kuna mkataba wa kale: kila mmoja ana zamu yake, na kila mmoja anajua mpaka. Lakini utani unapovuka kutoka msibani kwenda dirishani kwa huduma, ukatoka kinywani mwa mtumishi anayeshika muhuri kwenda kwa mwananchi anayesubiri muhuri huo, si utani tena. Mwananchi yule hawezi kumjibu mtani wake kwa sababu anahitaji sahihi yake. Nimeshuhudia binti wa Kihehe akisoma fomu yake kwa sauti katika ofisi moja nje ya mkoa huu, na karani akamwuliza mbwa wa nyumbani wamebaki wangapi. Ofisi nzima ilicheka. Binti alitabasamu, akainamisha kichwa, akachukua karatasi yake. Hapo ndipo palipohitaji hasira ya jirani yangu. Hapo ndipo palipohitaji barua ya malalamiko.

Nirudi ofisini kwa mtaa, maana haki inataka niseme pia nilichofundishwa. Mwenyekiti alimwita mzee mmoja wa Kihehe atusaidie. Tuliamkiana, "Kamwene," akaketi, akasikiliza pande zote mbili bila kukatiza. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kwa nini hukumwita Rungwe?"

Nilimjibu kwamba mbwa wangu wa kwanza, nikiwa bado kijana Tukuyu, aliitwa Kiejo, kwa jina la mlima wa volkano ulio nyuma ya kwetu. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasema maneno ambayo sikuwa na jibu lake la haraka. Alisema kwamba babu yake aliwahi kuitwa mbwa na mtu mwenye bunduki, na kwamba kwa watu wa umri wake jina la Mkwawa na mambo yanayomzunguka si vitu vya kuitia mnyama chakula.

Nawaomba vijana wanaonisoma wasiharakishe kumwona mzee huyu kuwa ni mtu wa zamani. Mwezi Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi la Mkwawa liliangamiza kikosi cha Wajerumani na kumwua kamanda wake, Zelewski. Mwaka 1894 ngome ya Kalenga ilianguka. Mwaka 1898, akiwa amezingirwa, Mkwawa alijiua kwa risasi kuliko kukamatwa, na kichwa chake kikakatwa na kuchukuliwa. Suala la fuvu hilo liliandikwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ibara ya 246, na bado lilirejea Kalenga mwaka 1954 tu, mikononi mwa Gavana Twining. Watu ambao kiongozi wao aligeuzwa kitu cha makumbusho kwa zaidi ya nusu karne wana haki ya kuwa wakali kuhusu jina lake. Mimi simwiti mbwa Mkwawa, na sitamshauri mtu yeyote afanye hivyo.

Basi mpaka upo, na ni vizuri tuuchore wenyewe kabla haujachorwa na polisi. Mwezi Agosti 2016, katika Jimbo la Ogun nchini Nigeria, mfanyabiashara mmoja alikamatwa na kufikishwa mahakamani kwa kumwita mbwa wake Buhari. Jirani yake alilalamika kwamba hilo ni jina la baba yake. Nalo lilikuwa pia jina la Rais wa nchi. Naona makosa mawili pale. La kwanza ni la ujirani: jina la mzazi wa mtu halifai kuitiwa mbwa mlangoni pake. La pili ni kubwa zaidi: kosa la ujirani halikustahili pingu. Panapotosha kikao cha wazee, dola haina kazi.

Kwa hiyo anayetaka kumpa mbwa jina la nchi yetu, ushauri wangu ni huu. Achague mahali, asichague mtu. Kama ni mahali pa matambiko, awaulize kwanza wenye napo, na wakikataa akubali. Ajue maana ya jina kabla hajalitamka, na aweze kumweleza mtoto atakayeuliza. Jina liwe linaitika: mbwa hupokea vizuri majina mafupi yenye irabu za wazi, na lugha zetu zimejaa majina ya namna hiyo. Loleza, mlima unaolitazama jiji la Mbeya. Isimila, korongo la zana za mawe za watu wa kale, karibu na Iringa. Luvaha. Kitulo. Matema. Yote haya yanapigika mluzi, na kila moja linamdai mwenye mbwa somo la jioni moja.

Mzee alihitimisha shauri hivi. Alimgeukia jirani yangu, akamwuliza maana ya Gangilonga. Jirani akasita, akasema ni jiwe la Mkwawa. Mzee akamfafanulia neno kwa neno, na watoto wawili waliokuwa wakichungulia dirishani wakasikia. Kisha akaniambia jina linaweza kubaki kwa masharti mawili: nisimkemee wala kumtukana mbwa kwa jina hilo, na mtoto akiniuliza nisimwambie kwamba ni jina la mbwa tu. Niliyakubali yote mawili. Jirani yangu hakuridhika, na bado tunaamkiana kwa ufupi. Sitaki kujifanya nimeshinda.

Lakini tangu siku ile watoto wa mtaani wakimwona mbwa wangu wanaulizana, "Jiwe linanena nini?" Swali hilo kibao cha kata hakijawahi kuwafanya waulize.

Ninyi mlio maofisini, mnaoandika vibao, ramani na vitabu vya shule: kwa majina hayo hamhitaji bajeti mpya ili kuandika maana yake pembeni. Ninyi wanafunzi: kabla likizo haijaisha, muulizeni bibi au babu maana ya jina la kijiji chenu, mliandike. Nawe jirani yangu, najua unanisoma. Siku utakapoandika barua kuhusu Milima ya Livingstone, au kuhusu yule karani, niletee nami nitie sahihi.