Butembo-Beni: Kitabu cha zamani kinaweza kumpa mwanafunzi alama na kumnyima mgonjwa dawa

Mitihani ya mwisho inapokaribia, mashini za fotokopi za Butembo na Beni hazipumziki. Wanafunzi wa uganga wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, wale wa ISTM, na wale wa shule za ITM wanaojitayarisha kwa juri ya taifa, wote wanatafuta kitu kimoja: karatasi zitakazowafanya wafaulu. Kuna silabusi ya profesa, daftari la mkubwa aliyemaliza mwaka uliopita, maswali ya zamani, na vitabu vya PDF vinavyopita toka simu moja hadi ingine. Feza ni kidogo na siku ni chache. Wengi wanachukua kile kilicho chepesi na cha bei ya chini.

Uchaguzi huo unaonekana kuwa shauri la mwanafunzi peke yake. Si hivyo. Mganga mpya akishaapa na kuandikishwa kwenye Ordre des Médecins, anaweza kujikuta usiku, peke yake, mbele ya mtoto anayetetemeka na mama anayelia. Muuguzi wa kituo cha afya cha kijijini anakutana na hali hiyo mapema zaidi. Saa hiyo hakuna nafasi ya kutafuta vitabu. Kile kilichoingia kichwani wakati wa mitihani ndicho kitakachoandikwa kwenye karatasi ya dawa. Kwa hiyo wakaaji wa Beni na Butembo wana haki ya kuuliza waganga wao wanasoma nini.

Mfano wa kwanza uko hapahapa. Ebola ilitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 3470 waliugua na 2287 wakafariki. Kitabu chochote kilichoandikwa mbele ya siku hizo kinafundisha kwamba ugonjwa huu hauna dawa: mgonjwa anatengwa, anapewa maji na kuangaliwa. Wakati huo ilikuwa kweli. Lakini kuanzia Novemba 2018, katika vituo vya matibabu vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, wagonjwa 681 waliingia katika utafiti ulioitwa kwa Kiswahili Pamoja Tulinde Maisha. Dawa 4 zililinganishwa, na 2 zikaonyesha nguvu: mAb114 na REGN-EB3. Kati ya waliopata dawa hizo, karibu 35 kwa mia walifariki, wakati kwa dawa zile zingine 2 ilikuwa karibu nusu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, OMS, likazipendekeza rasmi dawa hizo 2.

Ni aibu, basi, mwanafunzi wa Butembo akikariri katika fotokopi ya mwaka 2010 kwamba Ebola haina dawa, wakati ulimwengu mzima umejifunza juu ya dawa hiyo kutoka kwa wagonjwa wa Butembo. Na jambo hilo si la historia tu. Ebola ilirudi Kivu Kaskazini mara 2 katika mwaka 2021, kwanza upande wa Butembo kisha Beni, na mgonjwa mwingine akaonekana Beni mwaka 2022. Anayefanya mtihani leo anaweza kukutana nayo kesho.

Mfano wa pili unagusa kila nyumba: malaria kali. Kwa miaka mingi silabusi zilifundisha kwinini ndani ya serumu. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watoto 5425 katika inchi 9 za Afrika, Kongo ikiwa moja yao. Kati ya watoto waliopewa kwinini, 10,9 kwa mia walifariki. Kati ya waliopewa sindano ya artesunati, 8,5 kwa mia. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwa watoto 1000 ni maisha ya watoto zaidi ya 20. Mwaka uliofuata OMS ikaagiza artesunati iwe ya kwanza kwa watoto pia. Kwinini haikufutwa, inabaki kwa pale artesunati imekosekana. Lakini mwanafunzi anayeirithi silabusi ambayo haikuguswa tangu wakati ule anairithi pamoja na kosa lake.

Kuna pia vitabu vinavyotoka mbali. Vile vya Ufaransa vinavutia sababu luga yake ndiyo ya masomo, na vimepangwa vizuri. Vile vya Marekani vinapatikana kwa simu, na vingine vya Kiingereza vinaingia toka Uganda kwa njia ya Kasindi. Si vibaya. Lakini viliandikwa kwa ajili ya mtihani wa kwao na hospitali ya kwao, pale ambapo skana iko kwenye ghorofa ya chini na damu ya mgonjwa inapimwa kwa saa moja. Tena hata kwao mambo yanabadilika: Ufaransa iliacha mtihani wake wa ECN na kuingiza EDN mwaka 2023, lakini PDF za ECN zingali zinatembea huku kama kwamba ni mpya.

Wanafunzi watajibu kwamba profesa anauliza kilicho ndani ya silabusi yake, na anayejibu kwa kitabu kingine anaweza kupoteza alama. Jibu hilo lina uzito, na haifai kuwabebesha vijana mzigo wote. Mwenye kutunga mtihani ndiye anayechagua vitabu vya wanafunzi wake, hata kama hakusudii. Kwa hiyo vitivo na shule vinaweza kuanza na jambo lisilo na garama: kila silabusi iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza mwaka ilipopitiwa kwa mara ya mwisho na vitabu ilivyotegemea. Silabusi isiyokuwa na mwaka isiuzwe. Chuo kinaweza pia kujiandikisha kwenye programu ya Research4Life, ambayo inafungua majarida ya uganga bila malipo kwa vyuo vya inchi kama Kongo.

Kwa upande wao, wanafunzi wanaweza kupanga matumizi ya feza yao. Mifupa na mishipa haibadiliki: kitabu cha anatomia cha miaka 30 iliyopita, kikiwa kizuri, kingali kinafaa, na hakuna sababu ya kununua kipya. Dawa, vipimo vyake na chanjo ndivyo vinavyozeeka haraka. Na kwa sehemu hiyo hasa, vitabu bora havina bei. Miongozo ya Médecins Sans Frontières juu ya matibabu, dawa za lazima na uzazi inapatikana bure kwa Kifaransa, na programu yake ya simu inafanya kazi bila intaneti ikishapakuliwa. Kitabu cha OMS juu ya matibabu ya watoto hospitalini ni cha bure pia, na kiliandikwa kwa hospitali zenye vyombo vichache, kama zile za Oicha, Kyondo ao Musienene. Wanafunzi watano wakichanga megabaiti za mmoja wao, wote watano wanapata.

Maswali ya zamani nayo yana kazi yake. Yanamwonyesha mwanafunzi namna mtihani unavyoulizwa na mahali anapojikwaa. Lakini anayekariri jibu bila kujua sababu yake hataweza kusaidia siku mgonjwa atakapokuja na dalili zisizofanana na za karatasi.

Barabara ya Goma imekuwa ya shida, vita viko jirani katika Lubero, na mauaji hayajakoma upande wa Beni. Kumpeleka mgonjwa mbali si rahisi tena. Mara nyingi atatibiwa na yule aliye karibu, kwa ujuzi alio nao. Kwa sababu hiyo, mbele ya kulipa fotokopi, kila mwanafunzi na atafute kwanza mwaka ulioandikwa kwenye ukurasa wa kwanza. Asipouona, aulize aliyekiandika.