Kusamehe Ndugu Si Lazima Uendelee na Mkataba



Leo nataka kuzungumza na wewe uliyeingia biashara na ndugu wa kanisani, na sasa biashara inalala kwa sababu yake. Mlipatana utoe mtaji wa kuku, yeye asimamie kazi. Mayai hayafiki kwa wateja, hesabu hazionekani, simu haishikwi. Kila Jumapili mnasalimiana "Bwana asifiwe" huku moyo wako unaungua. Unaogopa kuvunja mkataba kwa sababu watu watasema huna upendo.

Mpendwa, nisikie vizuri. Kusamehe ni jambo moja, kuendelea kufanya kazi pamoja ni jambo lingine. Unaweza kumsamehe asubuhi na jioni mkamaliza mkataba, na hujatenda dhambi. Kuna kijana mliyemwajiri anayengoja mshahara. Kuna karo ya watoto. Ukinyamaza miezi 8 huku mtaji unaisha, usiite hiyo uvumilivu. Hiyo ni hofu, na wanaoilipia ni watu wengine.

Lakini namna ya kutoka ndiyo hutushinda. Soma Mwanzo 31. Yakobo alimtumikia Labani miaka 20, na analalamika kwamba mshahara wake ulibadilishwa mara 10. Sababu ya kuondoka alikuwa nayo. Ila aliondoka kimyakimya bila kuaga, na Labani akamfuata mbio kwa siku 7. Mambo yalitulia walipokutana uso kwa uso, kila mtu akasema yaliyokuwa moyoni. Wakaweka rundo la mawe liwe shahidi, wakala pamoja, kisha kila mmoja akaenda zake. Hawakuendelea kufanya kazi pamoja, na hawakupigana.

Basi usitoroke kama Yakobo. Anza kwa kusoma mkataba wenu unasema nini kuhusu kuuvunja. Mwandikie umweleze ni kazi gani haikufanyika, umpe muda wa kurekebisha. Sheria haikuruhusu kuvunja mkataba kwa kila kosa dogo. Lazima kosa liguse msingi wa mapatano yenu. Kuchelewa siku moja si sawa na kutoleta mzigo kabisa. Ukikurupuka, ni wewe utakayeonekana umevunja mkataba, naye atakudai fidia.

Asiposikia, nenda na mtu mmoja au wawili, kama Mathayo 18 inavyofundisha. Wawe watu wanaoelewa hesabu, si marafiki zako tu.

Utaniuliza, "Pasta, na korti?" Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kushtakiana, na hata Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 159, inahimiza usuluhishi. Kwa hivyo korti iwe ya mwisho. Lakini mtu akikataa wazee na akikataa mashahidi, mimi sitakuambia upoteze jasho lako. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60.

Mkiachana, pigeni hesabu hadi shilingi ya mwisho, kila mtu apate chake, muandikiane na kutia sahihi. Hilo ndilo rundo lenu la mawe. Baada ya hapo usimtangaze kwenye grupu la WhatsApp. Usihame kanisa kwa sababu yake, wala usimfanye yeye ahame.

Na wewe unayesoma haya ukijua ni wewe uliyezembea, usijifiche nyuma ya neno "ndugu." Piga simu leo. Sema ukweli kuhusu pesa. Kama kazi imekushinda, mwachilie mwenzako kabla hajafilisika.

Mungu atupe ujasiri wa kusema ukweli na neema ya kuachana kwa amani. Kama umepokea, sema Amina, na umtumie mtu ambaye yuko katika hali hii.

Ubarikiwe.