"Negrito" Wao na "Cheusi" Wetu

Neno likishatoka kinywani halirudi, ndivyo walivyotuusia wazee wetu. Siku hizi twaweza kuongeza kwamba neno likishatoka kwenye simu, hata kulifuta hakusaidii. Nililikumbuka jambo hili juzi barazani, baada ya sala ya Isha, vijana walipokuwa wakibishana juu ya maandishi ya mchezaji mmoja wa kandanda wa Ulaya. Kila mmoja alidai kuwa yeye ndiye aliyeifahamu lugha ya mitaani iliyotumiwa, na kahawa ikapoa vikombeni.

Mabishano ya namna hiyo si mapya. Makubwa zaidi niliyopata kuyasikia ni yale ya mwaka 2020, na nataka leo tuyatazame upya, msomaji wangu, kwani yana somo kwetu sisi watu wa pwani.

Tarehe 29 Novemba mwaka huo, Manchester United walikwenda kucheza na Southampton. Kufikia mapumziko walikuwa wamelazwa mabao mawili kwa bila. Ndipo alipoingizwa uwanjani Edinson Cavani, mshambuliaji wa Uruguay aliyekuwa na umri wa miaka 33. Alimtengenezea Bruno Fernandes bao la kwanza, kisha akafunga mawili mwenyewe kwa kichwa, la mwisho katika dakika za nyongeza. United wakaondoka na ushindi wa 3-2.

Baada ya mechi, rafiki yake mmoja alimpongeza katika mtandao wa Instagram. Cavani akamjibu kwa maneno mawili tu ya Kihispania: "Gracias negrito." La kwanza ni ahsante. La pili ndilo lililoleta balaa.

Barazani kwetu maneno hayo yalifasiriwa kwa njia tatu. Wa kwanza alisema hapana haja ya mkalimani, kwani neno lenyewe ladhihirisha kuwa ni tusi la kumdunisha mtu mweusi. Wa pili akasema kuwa mtu hamtukani anayemshukuru. Wa tatu, mzee aliyekuwa baharia ujanani mwake, alitueleza kuwa katika bandari za Amerika ya Kusini aliwasikia makuli wakiitana hivyo kutwa nzima, na baadhi yao walikuwa weupe kuliko kanzu yake ya Ijumaa.

Mzee huyo hakusema uongo. Katika Kihispania "negro" ni -eusi, na ile "-ito" ya mwisho hulifanya jambo kuwa dogo, na mara nyingi huwa dogo la kupendeza. Watu wa Uruguay na Argentina huitana hivyo mume na mke, mama na mwana, rafiki na rafiki, bila kutazama rangi. Nahodha aliyewaongoza Uruguay kuwashinda Brazil 2-1 na kutwaa Kombe la Dunia mwaka 1950, Obdulio Varela, aliitwa na wananchi wake "Mkuu Mweusi", na hadi leo jina hilo latajwa kwa fahari.

Wakuu wa soka wa Uingereza hawakuridhika na maelezo hayo. Tarehe 31 Desemba 2020 walimfungia Cavani mechi tatu, wakamtoza faini ya pauni 100,000, na wakamtaka ahudhurie mafunzo. Yeye alikuwa ameshayafuta maneno yake na kuomba radhi, na hukumu akaikubali. La ajabu ni kwamba wahukumu wenyewe walikiri kuwa hakukusudia kumtukana mtu. Huko Uruguay watu walikasirika. Chama cha wachezaji kilisema waliobaguliwa ni wao na utamaduni wao, na akademia ya taifa inayoshughulikia lugha ikatoa tamko la kulitetea neno hilo.

Kabla hatujawacheka Waingereza, yafaa tukumbuke kesi nyingine. Mwezi wa Oktoba 2011, Luis Suárez, naye ni wa Uruguay, aligombana uwanjani na Mfaransa mweusi Patrice Evra, Liverpool ilipokuwa ikicheza na Manchester United. Suárez alimwita "negro", kisha akajitetea kuwa kwao hilo ni neno la kirafiki. Wahukumu waliwaita wataalamu wawili wa Kihispania cha Amerika ya Kusini. Wataalamu hao walikubali kuwa neno hilo laweza kuwa la kirafiki, lakini watu wanaogombana hawaitani kwa mapenzi. Suárez akafungiwa mechi 8 na kutozwa pauni 40,000.

Basi neno ni moja, nchi ni moja, na maana ni mbili. Aliyetaka kuitambua maana ilimbidi atazame ni nani amwambiaye nani, na katika hali gani.

Sisi Waswahili jambo hili si geni kwetu. Tunalo neno "cheusi". Sarufi yake ni ile ile ya "negrito": -eusi limetiwa kwenye ngeli ya ki- ya kudogosha, nalo likageuka la kubembeleza. Mwanamume humwita mkewe cheusi dawa, naye akatabasamu. Lakini ki- hiyo hiyo, ukimwita mtu mzima kijitu, umemvunjia heshima mbele za watu.

Tunalo pia neno ambalo hatupendi kulizungumza. Kwa muda mrefu watu wa mijini pwani waliwaita jirani zao "Wanyika", yaani watu wa porini, na wazungu wakalinakili vitabuni mwao. Huenda wako waliolitamka bila ubaya wowote. Lakini walioitwa hivyo walijua lilivyowauma, na kufikia miaka ya 1940 wakajishikia jina lao wenyewe, Mijikenda, watu wa miji tisa. Leo hapana muungwana atakayelirudia lile la zamani kisha akasema nia yake ni safi.

Nami sina budi kukiri langu. Ninaye rafiki tuliyesoma naye chuoni tangu tukiandika kwenye mbao. Tangu utotoni nimemwita Cheusi, naye huniitikia kwa kicheko. Siku moja, katika kundi la simu la harusi ya bintiye, niliandika: "Hongera Cheusi wangu, umeoza." Hakujibu mtu. Kesho yake yule binti alinipigia simu kwa adabu zote.

"Ami," aliniambia, "najua wampenda baba. Lakini kundini mna wakwe zangu. Wako waliosema tangu posa kuwa mimi ni mweusi mno kwa mtoto wao. Umewapa neno la kucheka."

Nilikosa la kusema. Nilipokwenda kumtaka radhi babake, alinikaribisha kahawa na kuniambia, "Mimi nakujua, sheikh wangu. Wao hawakujui."

Maneno hayo machache yalinifunza zaidi ya mabishano yote ya barazani. Dini yetu yatufundisha kuwa amali huhesabiwa kwa nia, na kwa Mola nia ya Cavani inajulikana. Lakini dini hiyo hiyo, katika Sura ya al-Hujurat aya ya 11, imetukataza kuitana kwa majina ya kubezana. Nia yako waijua wewe na Mola wako. Uchungu wa jina waujua yule aliyeitwa, pamoja na wale wanaofanana naye.

Kwa maoni yangu, mechi tatu zilizidi. Mtu aliyemshukuru rafiki yake kwa lugha ya mama yake angetosheka na onyo na maelezo. Waliomhukumu walilipima sikio la msomaji wa Manchester, wakakisahau kinywa cha msemaji wa Uruguay. Lakini na waliomtetea walikosea waliposema hapana cha kuombea radhi. Mtoto mweusi wa Uingereza aliyelisoma lile neno hana habari za Varela wala za mapenzi ya Montevideo. Alijualo yeye ni jinsi linavyotumiwa mitaani kwao na watu wasiompenda. Cavani alipolifuta hakuikana lugha yake, bali alimwonea haya mgeni aliyemsikia kwa bahati mbaya.

Zamani kauli ya mtu na rafikiye iliishia barazani, na waliokuwapo walijuana. Leo baraza halina ukuta, na jirani aliyeketi nyuma yako humwoni. Mimi na Cheusi wangu tungali tukiitana kwa jina letu, lakini tukiwa wawili, mlango ukiwa umefungwa. Mbele za watu namwita Bwana Harusi wa Zamani, naye hucheka vile vile.