Wacheni Kutoa Hiyo Foili kwa Dripu

Wasee, leo tuongee kitu haina kiki lakini ina uzito. Ukienda kuona mgonjwa wodini, unaweza kupata dripu yake imefunikwa foili ama mfuko mweusi. Kuna wenye hucheka wakisema hospitali imekosa vifaa. Kuna wengine huifungua waone dawa imebaki kiasi gani. Msimamo wangu ni mmoja: hiyo foili ni sehemu ya matibabu, na mgonjwa na watu wake wanafaa kuelezwa hivyo mapema.

Mwanga una nguvu ya kuvunja kemikali. Ndiyo maana dawa nyingine huja kwa chupa za kahawia. Sasa nesi akishaitoa kwa hiyo chupa na kuichanganya kwa mfuko unaopitisha mwanga, kinga imeisha. Na dripu inaweza kuning'inia masaa, kando ya dirisha ama chini ya taa.

Chukua nitroprusidi, dawa ya kushusha presha ikipanda vibaya sana. Mwanga ukiipiga, inavunjika na kutoa sianidi. Ile sumu kabisa. Dakabazini, inayotumiwa kutibu saratani ya Hodgkin, ikiharibiwa na mwanga hugeuka rangi ya waridi, na mshipa unaweza kuuma sana inapoingia. Hata chakula cha kupitia mshipa kinachopewa watoto njiti hufanya kemikali mbaya kikikaa kwa mwanga. Mwaka wa 2019, Shirika la Dawa la Ulaya lilisema chakula hicho kikingwe mwanga, mfuko pamoja na mirija, kwa watoto wachanga na wote walio chini ya miaka 2.

Si kila dripu inahitaji kufunikwa. Maji ya chumvi ya kawaida hayana shida. Kwa hivyo usianze kufunika kila kitu na shuka.

Wengine watasema nesi ana wagonjwa wengi, hana muda wa kufundisha kemia wodini. Ni kweli, na simlaumu. Lakini kuandika juu ya foili "USITOE, DAWA HII HUHARIBIWA NA MWANGA" haichukui dakika. Jina la dawa na saa ilipoanza pia viandikwe hapo nje, ili mtu yeyote asiwe na sababu ya kuchungulia. Hospitali inayonunua dawa ya bei ghali haiwezi kushindwa na kalamu na kipande cha foili.

Na sisi wa simu, kama unachukua video ya kumtakia mtu wako nafuu, wacha foili ikae. Ukiipata imeanguka, ita nesi. Kama una swali, uliza kwa heshima: "Sista, hii dawa inafaa kufunikwa?" Kuuliza hivyo si kiburi, ni kumlinda mtu wako.

Tuma hii kwa grupu ya familia leo, kabla mtu hajalazwa.