Mbwa Naye Aambiwe kwa Kiswahili

Ukipita Raskazone saa za jioni, wenye mbwa wanapowatoa kunyoosha miguu, utasikia jambo linalostahili kutushughulisha sisi wapenzi wa lugha. Mtu anazungumza na mkewe kwa Kiswahili, anamwamkia jirani kwa Kiswahili, anabishana bei na mchoma mahindi kwa Kiswahili. Akimgeukia mbwa wake, anabadili lugha: "Siti!" "Kamu!" "Gudi boi!" Mbwa mwenyewe amezaliwa Pongwe, mama yake hali kadhalika, na katika ukoo wao hakuna aliyepata kuvuka mto Wami.

Nimewauliza baadhi yao sababu. Majibu ni mawili. La kwanza, kwamba amri za Kiingereza ni fupi ilhali maneno ya Kiswahili ni marefu. La pili husemwa kwa sauti ya chini kidogo: kwamba mbwa mwenye akili hukielewa zaidi Kiingereza. Kwa maoni yangu majibu yote mawili hayana mashiko, na hilo la pili lina madhara yanayovuka ua wa nyumba.

Tuanze na ufupi. Amri ya mtu mmoja katika Kiswahili ni shina tupu la kitenzi: keti, ngoja, simama, acha, lala. Vipo vitenzi vichache vinavyokwenda kando ya kanuni hiyo, na kila aliyefundisha sarufi anavijua: kuja hutupatia "njoo", kwenda hutupatia "nenda", kuleta hutupatia "lete". Tazama basi ni vitenzi gani hivyo. Ndivyo hasa anavyovihitaji mwenye mbwa! Lugha yetu imekuwa ikiwaita watu, ikiwatuma na kuwaagiza kwa karne nyingi, na maneno hayo ya kila siku yamejipatia maumbo yao wenyewe. "Njoo" ina mizani mbili tu, tena inaishia kwa irabu. Washairi wanajua faida yake: irabu ya mwisho huvutika, na mwito wa "njooo" husafiri kutoka shamba moja hadi la pili. Neno linalokatika kwa "t" haliendi mbali hivyo.

Wala hili si jambo jipya. Wakulima wa Muheza na Pangani, ambao mihogo na mahindi yao huvamiwa na nyani na nguruwe pori, wamefuga mbwa wa kulinda na kuwinda tangu zamani. Methali zetu zinawashuhudia. "Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia," walisema wahenga, na humo wakatuhifadhia neno msasi, yaani mwindaji, ambalo vijana wengi hawalijui. Wakasema tena, "Mbwa hafi maji akiona ufuko." Aliyeitunga methali hiyo alimtazama mbwa kwa makini, akatambua kwamba mnyama yule hukadiria umbali na hujitia moyo. Watu hao waliwaamuru mbwa wao kwa lugha walizozungumza nyumbani, kwa Kiswahili, Kibondei, Kidigo na Kizigua, na mbwa wakawatii.

Kwetu tuna mbwa mchanga, mwaka wake haujatimia. Wajukuu walimpa jina Fumbo kwa kuwa hawakuweza kukisia anawaza nini. Tumemfundisha kwa Kiswahili pekee. Akiambiwa "lete ndala", huleta ndala. Akiambiwa "lete kikapu", huleta kikapu. Nikiwaita watoto kwa "njooni", naye huja, na sioni kosa lake, kwani kiambishi -ni hakijamtenga. Neno analolipenda kuliko yote ni "ufukweni". Likitamkwa tu yeye yuko langoni. Ili kumficha, watoto wakaanza kulisema kwa kinyume, ule mchezo wa pwani wa kuitanguliza silabi ya mwisho: "ndetwe niufukwe", badala ya "twende ufukweni". Hila hiyo ilidumu siku nne. Siku ya tano ilipotamkwa "niufukwe", Fumbo alikuwa langoni kabla ya watoto kuvaa viatu.

Akili hiyo haikutokana na lugha fulani, na wataalamu wamelithibitisha hilo kwingineko. Mwaka 2004 ulimwengu ulisikia habari za Rico, mbwa wa Ujerumani aliyejua majina ya vitu takriban 200; aliyajua kwa Kijerumani. Mwaka 2016 watafiti wa Budapest walichunguza ubongo wa mbwa waliokuwa wakisifiwa kwa Kihungari, wakaona kwamba mbwa hushughulikia neno lenyewe na pia lahani ya sauti, na kwamba sifa humfurahisha zaidi neno na lahani vinapopatana. Mwaka 2022, katika jiji lilo hilo, ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba ubongo wa mbwa hutofautisha lugha aliyoizoea na lugha ngeni. Basi Mjerumani humfundisha mbwa kwa Kijerumani, Mhungari kwa Kihungari. Ni sisi tu, katika mkoa alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, pale Vibambani, tunaoona haya.

Iko pia hoja ya jirani. Tanga ni mji wenye Waislamu wengi, na wengi wao hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Wengine watauliza kwa nini tujadili kabisa mazungumzo na mbwa, nao watanikumbusha kwamba ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Nawaheshimu. Fumbo hakai barazani, ana chombo chake, na amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Lakini heshima hiyo hiyo kwa jirani ndiyo inayodai Kiswahili. Mtoto anayekwenda madrasa akikutana na mbwa njiani atapaza sauti kwa lugha yake: "Acha! Rudi!" Mbwa aliyefundishwa kwa Kiswahili anayajua maneno hayo na anaweza kuyatii. Mbwa aliyefundishwa kwa Kiingereza ataona mtoto anapiga kelele tu. Kumfundisha mbwa kwa lugha ya mtaa ni kuupa mtaa mzima uwezo wa kumzuia.

Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi ni masikio ya watoto waliomo ndani ya nyumba hizo. Nilifundisha sekondari kwa miaka mingi, na niliwaona wanafunzi wa kidato cha kwanza waliojua jibu wakanyamaza, kwa sababu walilijua kwa Kiswahili na swali liliulizwa kwa Kiingereza. Baadhi yao walikwisha kuamini kwamba akili ina lugha yake, na lugha hiyo si ya nyumbani kwao. Imani hiyo haianzii darasani. Mtoto anayemsikia baba yake akimwambia msaidizi wa nyumbani kwa Kiswahili na mbwa kwa Kiingereza amekwisha kupata somo, hata kama baba hakukusudia kulitoa.

Kiingereza ni lugha kubwa na wajukuu zangu wanajifunza. Ninachopinga ni kukifanya kipimo cha akili, iwe ya mtu au ya mnyama. Sarufi yetu humpa mbwa upatanisho wa a- na wa-, ule ule wa mwalimu na mshairi: mbwa anasikia, mbwa wanaelewa. Tusimnyime basi na msamiati. Nami kwa kuanza natoa ubeti huu, nikiwaomba malenga wa ukumbi huu wauendeleze au waupinge:

Nikisema "njoo" hima, huacha yote na kuja,
Nikitamka "simama", hutulia na kungoja,
Mbwa wetu ana hekima, maneno anayachuja,
Kiswahili lugha njema, hakikosi neno moja.

Beti za majibu zije. Na mwenye mbwa nyumbani, jioni ya leo amwambie "keti", kisha amsifu kwa Kiswahili, kwa sauti ya upole, akautazame mkia.