Boli Zozo bado anamkera jamaa wa Temeke

Mhariri,

Mtaani kwetu Temeke kuna shabiki wa Simba ambaye ukimtajia Boli Zozo anasusa kahawa yake. Watani wa Yanga wanalijua hilo, na hawana huruma.

Mwaka 1993 alikuwa mtoto, kabebwa mabegani na mjomba wake kwenye mzunguko wa Uwanja wa Taifa, huu unaoitwa Uhuru sasa. Fainali ya Kombe la CAF. Simba walishatoka sare ya 0-0 na Stella kule Abidjan, na wakubwa walimhakikishia kuwa nyumbani ni kumalizia tu. Zozo wa Stella akafunga mawili.

Lakini kinachomjia zaidi ni kikaratasi cha karanga ambacho mjomba alikisokota mpaka zikamwagika zote, hakuokota hata moja. Wakarudi kwa miguu, kimya.

Wakati huo Tanzania Bara hapakuwa bado na kituo cha televisheni. Aliyekosa uwanja alitegea sikio Redio Tanzania. Watoto wa shabiki huyu, waliozoea marudio kwenye simu, humwona anatia chumvi akisimulia.

Kama gazeti lina picha za siku ile, lizichapishe. Mabao anayajua, atakachokagua ni mzunguko, amtafute mjomba.

Msomaji, Dar es Salaam